Bakuli la kioo au tangi dogo lenye filta? Nataka kununua wiki hii

Zuhura_M
Habari zenu wadau. Mwanangu ananisumbua anataka samaki wa urembo. Nimeona bakuli la kioo la mviringo, zuri mno, linakaa hata mezani, halafu kuna tangi la mstatili lina filta na taa ila bei imechangamka kidogo. Nichukue lipi? Sitaki wafe mapema mtoto akaanza kulia.

kokoto
Dada hujasema samaki gani, wangapi, na hivyo vyombo vinaingia lita ngapi. Hapo kila mtu atabahatisha tu.

BabaRayyan
Chukua bakuli. Mi nina samaki aina ya beta kwenye bakuli na yuko fiti, beta anapanda juu kuvuta hewa mwenyewe, pampu ya nini?

kokoto
Mkuu kuvuta hewa ni kweli, lakini ile sumu ya amonia je? Samaki anaitoa muda wote kupitia mashavuni, na maji yakiwa kidogo inajaa haraka. Halafu beta anataka joto la nyuzi 24 mpaka 28, kwenye bakuli hita unaiweka wapi?

Zuhura_M
Samahanini jamani. Ni goldifishi wawili, wale wa rangi ya chungwa. Bakuli ni kama lita 5, tangi wameandika 40.

SalmaMaji
Goldifishi lita 5 hapana kabisa mdogo wangu. Anauzwa kadogo kama kidole ila wale wa kawaida wakitunzwa wanapita sentimita 20 na wanaishi miaka 10 na zaidi, hata hiyo 40 watakuwa wanaazima tu.

Na usikubali kuuziwa tangi na samaki siku moja. Mimi muuzaji aliniambia maji yakilala usiku mmoja yanatosha, nikaweka samaki. Siku chache tu nikawakuta wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji wanahema, mapezi wameyabana mwilini na mmoja mkia una mistari myekundu kama damu imevilia. Na maji meupe pe, ungeyaangalia ungesema hayana shida! Nikarudi dukani, yule bwana akaniambia mwaga yote, osha kila kitu kwa maji ya bomba, sponji la filta nalo lisugue, sasa kumbe bakteria wenyewe wanaokula uchafu ndo kwanza walikuwa wanaanza kukaa kwenye lile sponji. Tukaanza moja na samaki wakaisha. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma, kwa sababu mtu anayeuza viumbe hai anatakiwa ajue hili.

kokoto
Umemaliza dada Salma. Hao bakteria wanageuza amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu, halafu naitreti ambayo haina ukali sana, hiyo unaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Filta mpya inachukua wiki 4 mpaka 6 kukomaa, yaani bakteria kuwa wa kutosha. Sponji unalikamua kwenye ndoo ya maji uliyotoa humo humo tangini.

mzee_wa_kisima
Tatizo ni klorini tu. Laza maji siku nzima ndoo wazi, kesho weka. Zamani hakukuwa na filta na samaki waliishi.

SalmaMaji
Klorini inatoka ukilaza, sawa mzee wangu, ila kuna sehemu wanatia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo hailali ikaondoka, mpaka utie ile dawa ya matone ya kutibu maji. Na kulaza hakuondoi amonia ya samaki.

mzee_wa_kisima
Mi natumia ya kisima, hayana hata hiyo klorini.

kokoto
Ya kisima nayo yapime kwanza, mengine yana chumvi nyingi.

BabaRayyan
Mnamtisha dada wa watu. Si achukue gapi basi? Wadogo, wanatosha humo kwenye lita 40.

SalmaMaji
Gapi nakubali, ila achukue madume watupu. Jike anazaa karibu kila mwezi na anaweza kuwa ameshabeba mimba tangu dukani, tangi litajaa.

Zuhura_M
Nimemwonyesha mtoto picha za gapi, anasema mikia mizuri ila bado anataka wa chungwa. Hiyo filta ikikomaa bila samaki wanakula nini hao bakteria?

kokoto
Unatia chakula cha samaki kidogo sana kinaoza humo, au uombe kipande cha sponji kwa mtu mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa, hapo muda unapungua sana.

nuru_k
Samahani kuingilia, langu liko dirishani maji yamekuwa kijani kabisa, nibadilishe yote?

SalmaMaji
Usibadilishe yote! Litoe juani kwanza, taa isizidi saa 8 kwa siku. Unawalisha mara ngapi?

nuru_k
Kila nikipita wakinifuata nawarushia.

SalmaMaji
Haya, anzia hapo hapo mwenzangu.

BabaRayyan
Kokoto, hita ya lita 10 wati ngapi?