Tupeane uzoefu: picha yako ya profaili inaonyesha unachopenda kufanya?

Mleta uzi, Mbeya

Mwagonile, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni mtu wa milima. Jumamosi alfajiri, mvua isiponizuia, nakuwa tayari nimeanza kuupanda Loleza, na likizo ndefu naelekea Rungwe.

Kwa miaka minne profaili yangu ilikuwa picha ya Mlima Rungwe niliyoipiga mwenyewe kutokea upande wa Tukuyu. Niliipenda mno. Siku moja dada mmoja wa grupu la mtaani kwetu akaniuliza kwa upole, "Kaka, huo moshi ni wa wapi?" Nikaomba simu ya mke wangu nijitazame kama wengine wanavyonitazama. Mlima wa karibu mita 3,000 ulikuwa umebaki doa la kijivu, dogo kama punje ya hindi. Niliumia, maana mlima ule una maana kubwa kwangu.

Ndipo nikaanza kuelewa kinachotokea. Mitandao mingi inaikata picha iwe duara. Mraba ukikatwa hivyo unapoteza zaidi ya moja ya tano ya eneo lake, na yote inatoka kwenye pembe. Kinachobaki kinapunguzwa tena ukubwa mpaka kienee pembeni ya jina lako. Mandhari pana haiwezi kupona hapo. Kinachopona ni kitu kimoja kikubwa, chenye rangi inayopishana na ya nyuma yake.

Sasa nimeweka buti langu la kushoto likiwa na udongo mwekundu, limekaa juu ya jiwe. Wiki hiyohiyo watu wawili ninaofahamiana nao miaka mingi waliniandikia kwamba na wao wanapanda. Tulikuwa tunasalimiana sokoni Mwanjelwa bila kujua! Tangu hapo tunakwenda pamoja.

Nyie wenzangu mmeweka nini, na mlifikaje hapo?

Mama Milulu, Iringa

Kamwene. Mimi nasuka vikapu vya nyasi za milulu, nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama. Mwanzoni niliweka picha yangu nimekaa na vikapu saba. Uso hauonekani, vikapu havionekani. Binti yangu akanichukulia simu, akapiga kitako cha kikapu kimoja kutokea juu, basi. Jamani, kitako tayari ni duara! Msuko unaanzia katikati na kuzunguka mpaka ukingoni, kwa hiyo mkato haukuniibia kitu. Wasukaji wenzangu wakiona wanatambua mkono wa nani, kwa sababu kila mmoja ana namna yake ya kuanzia. Watu wa nje wanaona mapambo, sisi tunasoma kazi.

Mleta uzi, buti lako nimelielewa. Umeweka kitu ambacho mwili wako unakigusa.

Zambarau, Mbeya

Mimi ni rangi tu. Zambarau tupu, bila nembo wala maandishi. Aliyekuwepo uwanja wa Sokoine msimu wa 2013/14, timu yetu ya soka ya zambarau, Mbeya City, ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu, haniulizi swali.

Mpiga Maua, Mbeya

Naomba niseme jambo ambalo linanikaa moyoni. Mimi napiga picha za maua, na shule yangu ni Kitulo, kule wanakokuita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Ukienda kati ya Desemba na Aprili utaona okidi za rangi usizozijua jina, na ukungu ukipita juu yake unaweza kusimama saa nzima bila kuongea.

Profaili yangu ni okidi moja ya njano, karibu kabisa, nyuma yake giza. Kwa upande wa mkato na rangi nakubaliana na mleta uzi. Ila kuna jingine. Simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa, usipoizuia kwenye mipangilio ya kamera. Na okidi za kwetu zina adui: viazi vyake vinachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko. Mmea ukishang'olewa kiazi, ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo nimezima mahali kwenye kamera yangu, na mtu nisiyemjua akiniuliza "hili umelipata bonde gani?" namjibu kwa adabu kwamba sisemi. Wanaopenda ndege, wadudu au nyani adimu kama kipunji, fikirieni hilo. Picha nzuri isije ikawa ramani.

Kete 64, Kyela

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mimi ni mcheza bao. Niliweka ubao wote, mashimo 32, nikaona hautofautiani na ungo wa dagaa. Nikabakiza nyumba peke yake, lile shimo kuu la mchezaji, na kete 6 ndani. Anayelijua bao ataona mara moja kwamba mchezo haujaanza: nyumba ina 6, mashimo mawili yanayofuata yana mbilimbili, na 22 ziko mkononi mwa kila mchezaji. Mzee mmoja wa Ngonga aliponitumia ujumbe, hakuniamkia wala kujitambulisha. Aliandika neno moja: "Namua," yaani hatua ya kwanza ya mchezo, ya kuingiza kete za mkononi. Tumecheza mara tano tangu hapo.

Sindano Mbili, Makete

Nimesoma yote kabla ya kuandika, maana langu lilinichukua muda. Mimi ni mwanaume, nina miaka 31, na nafuma. Sweta, kofia, soksi za watoto. Baridi ya kwetu kila mtu anaijua. Mama alinifundisha nilipokuwa darasa la nne, nikiwa nimevunjika mguu na sina pa kwenda. Mguu ulipona, sindano sikuziacha.

Nilificha miaka mingi. Profaili yangu ilikuwa pikipiki, tena si yangu, niliitoa mtandaoni. Kijana mmoja akaniuliza inakula mafuta kiasi gani, nikakosa cha kusema. Usiku ule niliona aibu, na haikuwa ya kufuma. Ilikuwa ya ile pikipiki.

Asubuhi nikapiga picha ya mikono yangu ikiwa na sindano na uzi mwekundu, nikaiweka kabla sijabadilisha mawazo. Kwenye grupu la ukoo kukawa kimya. Kisha baba mkubwa, ambaye nilimwogopa kuliko wote, akaandika: "Mwanangu, kumbe kofia ninayovaa kila siku ni wewe uliyeifuma? Mama yako aliniambia kanunua." Sikujua kwamba mama alikuwa anampelekea kazi zangu.

Mama ameshafariki. Ile picha sitaibadilisha.

Mama Milulu, Iringa

Pole sana, mwanangu. Na hongera. Uzi mwekundu huo ni wa sufu au wa dukani wa kawaida? Mkono wako naona unabana vizuri.

Sindano Mbili, Makete

Shikamoo, mama. Ni wa dukani wa kawaida. Nabana kwa sababu ya upepo wa huku.

Mleta uzi, Mbeya

Kaka wa Makete, tuko watatu tunaotaka kupanda Rungwe mwezi wa saba, na mmoja wetu ana kichwa kikubwa. Nikutumie vipimo vya kofia?