Busta ya redio za zimamoto ndani ya jengo: nani mwenye idhini ya kuifunga?

Msimamizi wa Jengo, Kizingo

Waungwana, salaam. Ninasimamia jengo la ghorofa 12 hapa Mombasa, ambalo lina maegesho ya magari ya ngazi mbili chini ya ardhi. Katika mazoezi ya kujihadhari na moto, walinzi waliokuwa ngazi ya chini kabisa hawakusikika kwenye redio zao za mkononi. Mkandarasi ametuletea bei ya busta ya mawimbi, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi ya redio, akieleza kwamba itawafaa walinzi na kikosi cha zimamoto pia, na kwamba hakuna kibali kinachohitajika kwa kuwa jengo ni letu. Michoro yake inataja kanuni za Marekani. Naomba kujua kanuni hizo zinadai nini hasa, na kama kweli mwenye jengo anaweza kuiweka busta hiyo mwenyewe tu.

Fundi Mawimbi

Ndugu msimamizi, ikiwa mkandarasi amezisoma kanuni anazozitaja, basi amekusomea nusu. Kule Marekani, tume ya mawasiliano iitwayo FCC inashughulikia busta za aina hii katika kifungu cha 90.219, na jambo la kwanza kinalodai ni ridhaa ya mwenye leseni ya masafa yanayokuzwa. Mwenye jengo anaweza kuinunua, kuilipia umeme na kuitunza, lakini bila ridhaa ya huyo mwenye leseni haruhusiwi kuiwasha.

Kifungu hicho kinagawa busta katika madaraja mawili. Daraja A hukuza chaneli zilizochaguliwa tu, kila mkanda ukiwa na upana usiozidi kilohezi 75, ilhali daraja B hukuza mkanda mpana zaidi pamoja na kila kilichomo, kiwe kinatakiwa au hakitakiwi. Kwa sababu hiyo daraja B haliruhusiwi kufungwa kwenye gari, na tangu tarehe 1 Novemba 2014 ni kosa kuliendesha bila kulisajili FCC. Busta ikileta mwingiliano, anayeiendesha analazimika kuurekebisha au kuizima.

Ukali huo una sababu. Antena ya paa huelekezwa kwenye mnara wa zimamoto, na busta mbovu hupeleka huko kelele mfululizo, mchana na usiku, hata pasipo na mtu anayezungumza. Mzimamoto aliye mtaa mwingine kabisa, mwenye redio dhaifu, humezwa na kelele hiyo. Hatari nyingine ni antena ya ndani kusikika na ile ya paa: busta huanza kujilisha sauti yake yenyewe na kupiga mluzi, kama kipaza sauti cha msikitini kilichowekwa mbele ya spika. Mwulize mkandarasi utengano wa antena hizo mbili utakuwa desibeli ngapi juu ya kiwango cha ukuzaji. Akibabaika, mwache aende zake.

Mstaafu wa Zimamoto

Naongeza upande wetu. Kanuni ya moto ya IFC, inayotumiwa na miji mingi ya Marekani, inadai katika kifungu cha 510 kwamba mawimbi yafike kwa nguvu ya kutosha watu kusikilizana katika asilimia 95 ya eneo la kila ghorofa. Viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, vinapandisha hadi asilimia 99 kwa sehemu nyeti kama vile ngazi za kutokea na vyumba vya pampu. Matoleo ya karibuni yanataka pia batri ya akiba ya saa 12, sanduku lisiloingiza maji, na upimaji wa kila mwaka. Hapa kwetu ningetilia mkazo upimaji huo, kwa maana chumvi ya bahari hula viungio vya antena iliyo juu ya paa pasipo mtu kutambua.

Lakini kifaa kuwepo hakutoshi. Katika World Trade Center, New York, kulikuwa na mtambo wa kukuza mawimbi ya redio za zimamoto, uliowekwa baada ya shambulio la bomu la 1993. Tarehe 11 Septemba 2001 makamanda katika mnara wa kaskazini waliujaribu, wakaona haufanyi kazi, wakauacha. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kitufe cha pili hakikuwa kimebonyezwa. Popote mtakapoifunga, kikosi kifundishwe taa na swichi zake.

Karani wa Kilindini

Kanuni za Marekani hazina nguvu ya kisheria Kenya. Zichukueni kama mwongozo wa kiufundi. Kinachowabana ninyi ni Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998: masafa na leseni ni kazi ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo pia huidhinisha aina za vifaa. Huduma ya zimamoto nayo, kwa Katiba ya 2010, iko chini ya kaunti.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likiguswa. Jaribio lenu lilifanywa kwa redio za walinzi, ambazo zina masafa yake na mwenye leseni wake. Halikuonyesha lolote kuhusu redio za zimamoto.

Msimamizi wa Jengo, Kizingo

Nashukuru sana. Je, nianzie wapi, kwa mamlaka au kwa kaunti?

Fundi Mawimbi

Anzia kwa kaunti. Waombe waje na redio zao, mgawe kila ghorofa katika miraba 20 kama wafanyavyo wenzetu wa IFC, kisha mpime mraba kwa mraba, mkianza na maegesho. Huenda mkakuta ni ngazi ya chini pekee yenye shida, na hapo kebo maalumu inayovujisha mawimbi, ikiunganishwa na busta ndogo ya daraja A, itatosha badala ya kukuza jengo zima. Matokeo hayo pamoja na barua ya kaunti ya kuridhia ndiyo mtakayoyapeleka kwa mamlaka. Malipo ya awali kwa mkandarasi yasubiri hadi majibu yaje.