Tangi la kugusa viumbe vya bahari: maji ya kupita au ya kuzunguka?

MwambaMkavu: Wakuu, naomba ushauri kabla hatujalipa. Tunaweka tangi la wazi la fibaglasi, lita 1,500, watoto wa skuli na wageni waguse viumbe vya bahari. Fundi mmoja anataka maji ya bahari yaingie na kutoka moja kwa moja. Mwengine anataka mfumo wa kuzungusha, wenye chujio la mchanga, skima (inayotoa uchafu kwa povu) na taa ya UV ya kuua vijidudu. Bei hazipishani sana. Kipi bora?

Pampu_Nne: Hujasema uko wapi, bahari iko umbali gani maji yakipwa, umeme unakatika mara ngapi, wala utaweka viumbe gani. Tutajibu nini?

BintiWaMwani: Na wageni wangapi kwa siku?

MwambaMkavu: Samahanini. Mashariki ya Unguja, mita 60 kutoka ufukweni, lakini siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inarudi mbali sana. Wageni kama 80. Viti vya pweza (nyota za bahari), jongoo bahari, nungu bahari wa miiba mifupi na kauri. Kuna anayetaka tuongeze na taa mdogo, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani.

Pampu_Nne: Basi bamvua bomba lako litakuwa juu ya mchanga mkavu mara mbili kwa siku, na mota ya pampu ikivuta hewa inaunguza sili ya kuzuia maji. Maji ya kupita yatawezekana ukiwa na tangi la akiba tu. Jaza lita 5,000 maji yakijaa, kisha teremsha lita 400 kwa saa. Yatakutosha saa kumi na mbili na nusu, mpaka bahari ijae tena. Laza mabomba mawili. Wiki hii tumia moja, la pili lifunge ncha zote, ili vilivyoota ndani vikose hewa vife. Bomba moja peke yake litaziba kwa magamba.

Kasa77: Si achimbe kisima ufukweni? Mchanga wenyewe ni chujio.

Pampu_Nne: Pwani ile maji matamu yanachuruzika chini ya mchanga. Chumvi inashuka, hewa haba, pengine yananuka yai bovu. Apime kwanza, kujaa na kupwa. Inatakiwa gramu 33 hadi 35 za chumvi kwa kilo ya maji, bila kuyumba. Kiti cha pweza majimaji ya mwilini mwake ni kama bahari yenyewe, hakina njia ya kurekebisha chumvi.

BintiWaMwani: Mimi ni wa kuzungusha, masika hutapambana na tope. Ila uwashe mfumo wiki nne hadi sita kabla ya kuweka mnyama, bakteria wakue, amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa viumbe, visomeke sifuri. Na mvuke usiudharau: zikipotea lita 45, chumvi ya 35 inafika 36. Unajazia maji matamu, si ya bahari.

KokiPlastiki: Mnasahau shaba. Kuna tangi la hoteli moja lilikuwa zima kwa miezi, akaja fundi akabadilisha koki iliyovuja, akafunga ya shaba. Siku ya pili nungu bahari wakaanza kuangusha miiba, mmoja mmoja, ikawa imelala chini kama njiti. Viti vya pweza vikalegea, vikaachia ukuta, vikatoka madoa meupe. Wakadhani ni joto, wakabadilisha nusu ya maji. Koki ile ile ikaendelea kutoa shaba kwenye maji mapya. Walipoigundua, kilichobaki ni samaki tu, kwa sababu wao wanaihimili zaidi. Koki, viungo, skrubu, vyote viwe plastiki.

Kasa77: Hilo kweli. Ila taa ndiye atakayevuta wageni. Mwiba unakatwa.

BintiWaMwani: Ukikatwa unaota tena! Na lita 1,500 hazimtoshi; atazunguka pale pale na kula kauri wako. Afadhali muwe na makundi mawili ya viumbe, moja linaguswa, moja linapumzika tangi la nyuma.

KokiPlastiki: Na anayewaokotea kauri awajue koni, konokono wa bahari wenye mwiba wa sumu. Koni wengine sumu yao inaua mtu.

MwambaMkavu: Mikono je? Tuweke sabuni mlangoni?

BintiWaMwani: Sabuni ni baada ya kugusa. Kabla, maji matupu mpaka kiwiko, mafuta ya jua yatoke. Jongoo usimtoe majini, kuna wanaotema nyuzi nyeupe zinazonata wakibanwa, na wengine sumu yao inaua samaki wa tangi zima.

MwambaMkavu: Nashukuru. Bamvua hii nitapima kisima cha jirani, kujaa na kupwa, nilete namba.

KokiPlastiki: Lete na orodha ya vifaa ya mafundi wote wawili. Koki zao ni za nini?