Namba tatu wa akiba: kiti kimoja, vijana wawili

Wakuu, habari za jioni. Timu yetu ya mtaa hapa Igoma ina namba tatu (beki wa kushoto) wa uhakika, ila benchi limebakiza kiti kimoja cha beki wa pembeni. Mmoja ni mguu wa kushoto, ana mbio na krosi zake zinafika, lakini akipanda anachelewa kurudi. Mwingine anatumia kulia, hapitiki kirahisi, na namba tano (beki wa kati) anacheza pia. Orodha inafungwa baada ya wiki mbili. Niwapimeje bila kumwonea mtu?

Mdau wa Kirumba
Kocha, chora njia ya mita 20 kwa 12. Winga awe yuleyule, amshambulie kila beki mara 10. Hesabu alizopitwa, na tazama miguu: anayesimama miguu sambamba, kifua kikimwelekea winga, atapitwa tu. Asimame kiupande, umbali wa mita moja na nusu hivi, amsukumie winga kwenye mstari. Siku ya pili geuza zamu, maana anayeanza hukutana na winga mwenye pumzi na anayefuata humkuta amechoka. Uonevu huingilia hapo.

Mwanabenchi
Huyo wa kulia mpe pasi karibu na mstari huku anakabwa. Wengi wa aina yake huvuta mpira ndani ili waupate mguu wao, mkabaji anaunyakua, na hapo golini kwenu ni karibu. Apige 10 za mbele kwa kushoto bila kutuliza. Chini ya sita, bado.

Kocha wa vijana, Ilemela
Mkuu, jiulize kwanza akiba wako huingia lini. Akiingia dakika ya 70 mnaongoza, kazi yake ni kuziba. Mpira ukiwa upande wa namba mbili (beki wa kulia), aingie ndani, abaki mita 8 hadi 10 kutoka kwa namba tano, amwone winga wake na mpira kwa pamoja. Wenye mbio husahau, wanaganda nje, krosi inaangukia nyuma ya namba tano. Mimi namchukua wa pili, kwa kuwa anaziba nafasi mbili kwa kiti kimoja. Wa kushoto aendelee na mazoezi: krosi, kisha mbio za mita 40 kurudi, mara sita.

Mdau wa Kirumba
Naunga mkono. Mkiwapimia uwanja wa Nyamagana, ile ni nyasi bandia: njumu za meno marefu hunasa, mguu ukabaki chini mwili ukigeuka, goti likaumia. Wavae za meno mafupi.