Ukungu wa ukutani: klorini, siki au sabuni?

Muuliza swali
Salamu kwenu nyote. Ukuta ulio nyuma ya kabati letu la nguo umeota ukungu mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na nguo za rafu ya chini zimeanza kunuka uvundo. Nimeupangusa mara mbili kwa maji ya klorini ukatakata, lakini baada ya wiki tatu madoa yakarudi palepale. Je, nijaribu siki, nitumie sabuni, au nipake rangi ya kuzuia ukungu?

Fundi rangi
Ndugu, rangi iweke kando kwanza, kwa sababu ikipakwa juu ya ukungu hubabuka. Klorini inafaa kwenye vigae na vioo, ingawa hapo hata sabuni na maji hutosha. Plasta na mbao hunywa maji: maji ya dawa hupenya ndani huku klorini yenyewe ikiishia juu, hivyo doa hupauka ilhali ukungu ungali hai. Kwa plasta yako ningechagua siki nyeupe isiyozimuliwa, iachwe saa moja ndipo usugue, japokuwa haiui kila aina ya ukungu. Ubao wa jasi uliolowa hadi ndani hauna dawa. Hukatwa na kutupwa.

Mama Wawili
Nakuomba sana, usitumie siki mahali penye klorini ambayo haijasuuzwa. Niliwahi kumimina siki kwenye sakafu ya bafu iliyokuwa na klorini, na papo hapo koo likaniwaka na macho yakabubujika machozi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Vilevile, lowesha ukuta kabla ya kusugua. Ukungu ukisuguliwa mkavu, mbegu zake hupeperuka chumba kizima, na mwanangu mwenye pumu huzitambua kabla yangu. Vaa barakoa na glavu, na ufungue madirisha.

Mkaguzi wa majengo
Dawa zote hizo zitashindwa iwapo ukuta utaendelea kupata maji. Vuta kabati, ukaushe uso wa ukuta, kisha bandika kipande cha nailoni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, tatizo ni hewa yenye unyevu: fungua madirisha, acha nafasi kati ya kabati na ukuta, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 60. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukungu ukizidi takriban mita 1 ya mraba, mwite mtaalamu.

Muuliza swali
Nashukuru. Nailoni imelowa upande wa ukutani. Nyuma ya ukuta huo kuna bafu, na fundi bomba amekuta kiungo kinachovuja tone moja moja. Ameshakibadilisha, sasa nasubiri plasta ikauke kabisa ndipo nianze na siki.