Walioniuzia mfumo wa kuwashia injini ya ndege kwa upepo waliniambia nirudishe propela nyuma, na sasa konrodi imepinda

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Nimekaa wiki tatu bila kuandika nikitarajia hasira ipoe, lakini haijapoa, na nimeona ni afadhali niandike nikiwa nayo kuliko ninyamaze mtu mwingine akaja kuumia. Injini ya ndege niliyoijenga kwa mikono yangu kwa miaka sita iko juu ya stendi, silinda namba 5 imefunguliwa, na konrodi yake, yaani fimbo ya chuma inayounganisha pistoni na kranki, imepinda kiasi cha kuonekana bila kipimo chochote. Ilipinda kwa sababu nilifuata maelekezo niliyopewa kwa simu na fundi wa kampuni iliyoniuzia mfumo wa kuwashia kwa upepo, yaani hewa iliyogandamizwa kwenye mtungi. Kampuni hiyo sitaitaja hapa, ila maelekezo yenyewe nitayaeleza neno kwa neno, kwa sababu nina hakika bado wanawapa wengine.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtu wa Mombasa, nilifanya kazi miaka tisa katika chumba cha injini za meli kabla ya kuhamia Marekani. Injini kubwa za meli huwashwa kwa upepo wa takriban kilo 30 kwa sentimita ya mraba, na masharti ya vyama vya ukaguzi wa meli yanadai mitungi ya upepo iweze kuwasha mara 12 mfululizo, bila kujazwa tena, injini inayoweza kugeuzwa mwelekeo. Nimelala na kuamka na mitungi hiyo. Kwa hiyo nilipopata injini ya M14P kwa ajili ya ndege yangu, ile ya Kirusi yenye silinda tisa zilizozunguka kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kama miale ya jua na nguvu za farasi 360, ambayo wengi wenu mmeiona kwenye Yak-52, ndege ya mafunzo ya Kirusi, sikufikiria stata ya umeme hata mara moja. Injini ile iliundwa iwashwe kwa upepo. Kila silinda ina valvu yake ndogo ya kupokea upepo, na nyuma ya injini kuna kigawa upepo kinachozungushwa na injini yenyewe, ambacho huupeleka kwa kila silinda mara tu pistoni inapopita kilele na kuanza kushuka. Huhitaji stata nzito wala betri kubwa, na kwa ndege ndogo kila kilo ina thamani.

Tatizo langu ni kwamba injini niliyoinunua ilikuja bila mtungi, bila mabomba na bila kompresa yake. Ndipo nikanunua seti nzima kwa wauzaji hawa, waliotangaza kwamba imekamilika na kwamba mtu yeyote anayeweza kushika spana ataifunga kwa siku mbili.

Seti ilipofika, maelekezo yake yalikuwa karatasi moja iliyochapishwa upande mmoja. Fungua valvu ya mtungi, hakikisha geji inasoma kilo 50, washa magneto (mtambo unaozalisha cheche za plagi), bonyeza kitufe. Basi. Hakukuwa na sentensi hata moja kuhusu oili inayojikusanya kwenye silinda za chini, na hili ndilo jambo la kwanza kabisa ambalo mwenye injini ya aina hii anapaswa kuambiwa. Injini ikilala siku kadhaa, oili huteremka taratibu, hupenya kwenye ringi za pistoni na kujaa katika silinda za chini, ambazo kwa M14P ni namba 5 na 6 hasa. Oili haigandamiziki. Pistoni ikipanda huku valvu zimefungwa na oili haina pa kutokea, kitu fulani lazima kiumie, na mara nyingi kinachoumia ni konrodi.

Hilo nilikuwa nalijua. Baharini hatukuwahi kuwasha injini kuu kabla ya kuizungusha polepole na kuipuliza kwa upepo huku vikoki (vibomba vidogo vya kutolea uchafu) vya silinda zote viko wazi, ili kama kuna maji au mafuta ndani yatoke kwanza mbele ya macho yetu. Kwa hiyo, ingawa karatasi haikusema, niliizungusha propela kwa mkono, magneto zikiwa zimezimwa na mtungi umefungwa. Kwa giya ya injini hii, ambayo huifanya propela izunguke polepole kuliko kranki kwa uwiano wa 0.658, propela yangu ya mapanga matatu inahitaji izungushwe mpaka panga limepita mbele yangu karibu mara nne ili kila silinda imalize mzunguko wake wote. Lilipofika panga la tatu, propela ikagoma. Nikasimama hapo hapo, nikapiga namba ya msaada iliyoandikwa kwenye karatasi.

Maneno ya fundi wao yalikuwa haya: rudisha nyuma kidogo, kisha sukuma mbele tena, likipita washa.

Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika, naye akaniambia wanafanya hivyo kila siku. Nikamwamini, na hapa nakiri kwamba uzoefu wangu wa meli ulinipotosha, kwa sababu kule kuzungusha injini mbele au nyuma hakudhuru kitu maadamu vikoki viko wazi na oili ina mahali pa kutokea. Kwenye injini hii hakuna vikoki vya namna hiyo. Ukiirudisha nyuma, pistoni inashuka, valvu ya kuingizia hewa inafunguka, kisha pistoni inapanda na kuisukuma oili yote ndani ya bomba la kuingizia hewa. Ukisukuma mbele tena, panga linapita laini kabisa, nawe unadhani umemaliza, kumbe oili imekaa kwenye kiwiko cha bomba ikisubiri. Injini ikiwaka na kuanza kuvuta hewa kwa nguvu, inaimeza yote kwa mkupuo mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilibonyeza kitufe, injini ikazunguka vizuri, silinda mbili tatu zikashika, moshi ukatoka, halafu ukaja mlio mmoja mzito kama nyundo juu ya chuma, na propela ikasimama. Mke wangu alikuwa mlangoni mwa banda na aliusikia kifuani kabla ya masikio.

Kazi sahihi inachukua dakika 20. Unafungua plagi za silinda za chini, unafungua vizibo vya kumwagia oili kwenye mabomba ya kuingizia hewa, unaiacha oili itiririke kwenye ndoo, unazungusha propela kuelekea upande wake wa kawaida tu mpaka pasitoke kitu, kisha unarudisha plagi. Sentensi hizi chache zingetosha kwenye karatasi yao, ambayo upande wa pili ulikuwa mtupu.

Na upepo hausamehe. Silinda ya injini hii ina kipenyo cha milimita 105, hivyo uso wa pistoni ni karibu sentimita za mraba 87. Hata theluthi moja tu ya presha ya mtungi ikifika pale, pistoni inasukumwa kwa uzito unaozidi tani moja, na katikati hakuna klachi ya kuteleza.

Baada ya hapo nikaanza kuikagua seti yote upya kwa jicho la chumba cha injini, jambo ambalo lingepaswa kufanywa na wao kabla ya kufunga sanduku. Mpira mmoja wa presha, yaani bomba la mpira la kupitishia upepo, ule unaotoka kwenye kichujio kwenda kwenye valvu ya kuwashia, umepigwa chapa ya kilo 20. Mfumo ni wa kilo 50. Mpira huo ulikuwa nyuma ya goti langu la kulia. Mtungi hauna muhuri wowote wa tarehe ya kupimwa, katika nchi ambayo hata mitungi ya wapiga mbizi hupimwa kwa presha ya maji kila miaka mitano. Chombo cha kutenganisha maji na oili, ambacho kwenye Yak-52 kipo na rubani hukimwaga mara kwa mara, hakimo kabisa, ingawa hewa yenye unyevu ikigandamizwa huacha maji ndani ya mtungi, na maji hayo huleta kutu usiyoiona.

Nilipowaandikia, jibu lilikuwa mistari mitatu: ndege ni ya kujitengenezea, sheria inamtaka mjenzi afanye sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo mjenzi ndiye anayewajibika. Ni kweli kwamba sheria ya Marekani inataka hivyo, na ni kweli kwamba vipuri vya ndege hizi havilazimiki kuwa na idhini kama vya ndege za abiria. Ninawajibika kwa kila ribiti niliyoigonga. Lakini mpira wa kilo 20 sikuutengeneza mimi, wala si mimi niliyejibu ile simu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sasa wanaitangaza seti hiyo hiyo kwa injini za silinda nne. Silinda tisa zinapokea upepo kila baada ya nyuzi 80 za kranki, hivyo popote injini iliposimama ipo silinda iliyo tayari kusukumwa. Kwa silinda nne nafasi ni nyuzi 180, na valvu ya ekzosi hufunguka kabla pistoni haijafika chini, kwa hiyo kuna mahali ambapo upepo utapita bure na propela haitatikisika. Mtu atafanya nini? Ataisogeza propela kwa mkono, mfumo ukiwa na presha. Tafadhali lifikirieni hilo.

Nimedai mambo matatu kwa maandishi: warudishe fedha za seti yote, walipe gharama ya kufungua na kukagua injini, na wawaandikie wateja wao wote kwamba propela isirudishwe nyuma kamwe. La tatu kwangu ni la kwanza, kwa sababu konrodi iliyopinda kidogo haivunjiki siku hiyo. Inaweza kuvumilia kwa saa kadhaa, ikavunjika ukiwa angani.

Kama kuna yeyote hapa, au unayemfahamu, aliyenunua seti ya namna hii, akafunge valvu ya mtungi, amwage upepo wote uliobaki, asome chapa ya kila mpira, kisha aweke picha hapa chini. Na kama aliwahi kuambiwa arudishe propela nyuma akatii, asiiwashe tena injini hiyo kabla ya kufungua silinda za chini na kupima konrodi zake.