Levittown ya New York: ni nini hasa kilichoipa tabia yake?

Mtembea Ramani anauliza:

Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo.

Nimekuwa nikisoma habari za miji ya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, na karibu kila makala ninayofungua inaitaja Levittown, ile iliyoko kaunti ya Nassau katika kisiwa cha Long Island, mashariki mwa jiji la New York. Waandishi wengi huimaliza kwa sentensi mbili: kwamba ilijengwa upesi upesi juu ya mashamba ya viazi, na kwamba nyumba zake zilifanana zote. Baada ya hapo wanageukia mambo mengine.

Kinachonitatiza ni kwamba mahali penyewe hapana ukubwa wa kutisha. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 51,758. Kisheria si manispaa: hakuna meya wala baraza la mji, kwa kuwa utawala wake uko chini ya Hempstead, eneo kubwa la kiutawala linaloujumuisha, na kaunti ya Nassau, na hata kituo cha treni hakipo, hivyo anayekwenda kazini Manhattan kwa reli huanzia Hicksville au Wantagh. Naomba wenye ujuzi wanieleze ni mambo gani yaliyoungana hata mji wa namna hii ukazaliwa pale na wakati ule, na kama ni kweli kwamba tabia yake inatokana na kufanana kwa nyumba, au tunaangalia mahali pasipo.

Fundi Mstaafu anajibu:

Ndugu Mtembea Ramani, nitajibu upande wa ujenzi, maana huko ndiko nilikotumia maisha yangu, na nakiri kuwa pamoja na lawama zote wanazotupiwa wajenzi wale, kazi yao huisoma kwa heshima.

Anza na ardhi. Eneo lile liliitwa Island Trees, na wakulima wake waliishi kwa viazi hadi mwaka 1941, ulipogunduliwa Long Island mnyoo mdogo sana unaoshambulia mizizi ya zao hilo. Shamba lenye mnyoo huo hupungukiwa thamani machoni mwa mkulima lakini halipungui chochote machoni mwa mjenzi. Kampuni ya Levitt and Sons, yaani mzee Abraham Levitt na wanawe William na Alfred, ikanunua ardhi hiyo kwa maelfu ya ekari. Upande wa pili walikuwepo askari waliorudi vitani, wengi wao wameoa na wana watoto wachanga, wanaishi kwa wazazi au katika vyumba vya kubanana kwa sababu nyumba mpya zilijengwa chache tangu enzi ya mdororo wa uchumi. Mwezi Mei 1947 kampuni ilitangaza nyumba 2,000 za kupanga kwa ajili ya askari hao, kwa kodi ya dola 60 kwa mwezi, na familia za kwanza zikaingia tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo.

Sasa tazama walivyoweza. Kanuni za ujenzi za Hempstead zilidai kila nyumba iwe na chumba chini ya ardhi, jambo ambalo humaanisha kuchimba, kujenga kuta za chini na kusubiri. Levitt alitaka kumwaga jamvi la zege juu ya udongo na kuanza kuta mara moja. Baraza lilipokutana kusikiliza hoja, askari walijaa ukumbini, gazeti la Newsday likawa limekwisha kumuunga mkono mjenzi, na kanuni ikabadilishwa. Ndani ya jamvi hilo walilaza mabomba ya shaba yapitishayo maji ya moto, ili sakafu yenyewe ipashe nyumba joto wakati wa baridi. Lilikuwa wazo zuri, ingawa bomba lililozikwa ndani ya zege likianza kuvuja ni taabu tupu, na wenye nyumba wengi baadaye waliweka mfumo mwingine.

Kuhusu mwendo wa kazi, kilikuwa kiwanda ambacho bidhaa imesimama na wafanyakazi ndio wanaotembea. Malori yaliangusha mafungu yaliyolingana ya mbao, mabomba na vigae katika kila kiwanja, mbao zikiwa zimekatwa kwa vipimo kabla ya kufika. Kazi iligawanywa katika hatua zaidi ya 20, kila kikundi kikifanya hatua moja tu na kuhamia nyumba inayofuata: hawa walipaka rangi nyeupe, wale rangi nyingine, na palikuwa na mtu ambaye kazi yake ya kutwa ilikuwa kufunga mashine za kufulia sakafuni. Mafundi hawakuwa katika vyama vya wafanyakazi, nao walilipwa kwa kipande. Kampuni ilikuwa na kiwanda chake cha mbao California ili isiwategemee wachuuzi. Kufikia katikati ya mwaka 1948 walikuwa wakimaliza nyumba 30 kwa siku, na kazi ilipofungwa mwaka 1951 zilikuwa 17,447 ndani ya Levittown na maeneo yanayopakana nayo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na futi za mraba 750, vyumba viwili vya kulala, na ngazi ya kupanda kwenye dari ambayo haikumaliziwa. Hiyo dari isiombewe radhi, kwani ndiyo iliyompa mnunuzi wa kipato kidogo nafasi ya kuongeza vyumba viwili pindi watoto wanapoongezeka, bila kugusa paa wala msingi. Mwaka 1949 ilifuata aina ya pili, futi 32 kwa 25, iliyouzwa kwa dola 7,990. Katika hii jiko lilikaa mbele karibu na mlango na sebule ikahamishiwa nyuma, ikitazama bustani kupitia dirisha pana, hivyo mama aliyekuwa akipika aliona anayekuja, na watu waliokaa sebuleni waliwaona watoto wakicheza. Mwaka 1950 wakaongeza televisheni iliyojengwa ndani ya ukuta wa ngazi.

Kwa hiyo swali lako la kufanana nalijibu hivi: zilifanana zilipokabidhiwa. Nenda leo utakuta ghorofa zimepandishwa, gereji zimeongezwa, madirisha yamechomozwa juu ya paa, hata kuipata nyumba ambayo haijaguswa ni kazi. Mkosoaji Lewis Mumford aliushutumu mpango ule tangu mapema, na kuhusu namna mji mzima ulivyopangwa alikuwa na hoja. Kuhusu nyumba zenyewe, wakazi walimjibu kwa nyundo na misumeno.

Wakili wa Zamani anajibu:

Mzee Fundi, shikamoo. Maelezo yako ya jamvi na mbao siwezi kuyaongeza, ila naona umewaacha nje watu wawili muhimu kuliko seremala yeyote: mdhamini wa mkopo na mwandishi wa mkataba.

Hakuna benki ambayo ingemkopesha Levitt fedha za kujenga nyumba maelfu kama serikali isingekuwa nyuma yake. Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilidhamini mikopo ya mradi, na sheria ya mafao ya askari ya mwaka 1944 ikamwezesha askari kununua bila kutoa malipo ya awali. Mtu aliyelipa kodi ya dola 60 akajikuta analipa rehani ya kiasi kama hicho, na mwishoni nyumba ni yake. Ni mpango mzuri sana, lakini mamlaka hiyohiyo katika mwongozo wake wa kukadiria mikopo ilihesabu mchanganyiko wa rangi kuwa hatari kwa thamani ya mali, na ikahimiza hati ziwe na masharti ya kuwatenga watu weusi.

Mkataba wa pango wa Levittown ulikuwa na kifungu cha 25, kilichomkataza mpangaji kuruhusu nyumba itumiwe au ikaliwe na mtu yeyote asiye mweupe, isipokuwa watumishi wa nyumbani. Hebu tafakari maana yake. Mkataba huohuo ulisimamia ukataji wa nyasi kila wiki, ulikataza kuzungusha ua, na uliamuru nguo zianikwe kwenye kianikio cha kuzunguka tu, tena si mwishoni mwa wiki. Rangi ya binadamu ikawekwa karatasi moja na nyasi na nguo mbichi, kama suala la usafi wa mtaa. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya aina hiyo. Kifungu kikaondolewa, lakini kampuni ikaendelea kukataa maombi ya askari weusi kwa utaratibu uleule, kwa kuwa uamuzi ulizifunga mahakama na haukumfunga muuzaji. William Levitt hakuficha hoja yake: alisema wanaweza kutatua tatizo la nyumba au wajaribu kutatua tatizo la rangi, ila hawawezi kuyachanganya yote mawili. Wapo wanaomtetea kwamba alifuata soko. Mimi naona mtu aliyekuwa na foleni ndefu ya wanunuzi kuliko mjenzi yeyote nchini, na fedha za umma mkononi, ndiye hasa aliyekuwa na uwezo wa kuliongoza soko.

Ukitaka kuona kwamba wakazi wote hawakuwa na msimamo mmoja, wapo waliounda kamati ya kupinga ubaguzi huo, na walikuwepo majirani weupe waliowakaribisha watoto weusi kucheza na wenzao. Kampuni iliwashughulikia kwa kutoongeza muda wa mikataba yao.

Ndiyo maana siafiki kwamba tabia ya Levittown inatokana na umbo la nyumba. Nyumba zimebadilishwa na kila aliyepita ndani yake. Orodha ya nani aliruhusiwa kununua kwa dola 7,990 ndiyo iliyoamua ni nani atakayemrithisha mtoto wake mali ambayo leo huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Bibi Maktaba anajibu:

Wanangu, mmesema vizuri, lakini mmeusahau mzigo ambao wakazi wenyewe huulalamikia zaidi, yaani shule na kodi ya majengo.

Kampuni ilijenga maeneo ya maduka madogo, viwanja vya michezo na mabwawa tisa ya kuogelea, ambayo hadi leo watu huyasimulia kwa furaha. Gharama ya madarasa ilikuwa juu ya wakazi wenyewe. Hebu pigeni picha maelfu ya wazazi vijana wanaohamia kwa wakati mmoja, kila mmoja ana mtoto anayekaribia umri wa kwenda shule, katika eneo lisilo na kiwanda wala majengo ya biashara ya kutosha kulipia gharama. Wengi walifanya kazi katika viwanda vya ndege vya jirani, kama cha Grumman kilichokuwa Bethpage, ambako baadaye kilitengenezwa chombo kilichowashusha wanaanga mwezini, lakini kodi ya kiwanda huingia katika wilaya ya shule kilipo kiwanda. Mji wenyewe umekatwakatwa kati ya wilaya kadhaa za shule, na mipaka hiyo ni ya zamani kuliko nyumba. Wilaya ya Levittown ikaishtaki serikali ya jimbo ikidai kwamba kutegemea kodi ya majengo kunawaonea watoto wa maeneo yasiyo na mali nyingi. Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilikataa: ilisema katiba ya jimbo inamhakikishia mtoto elimu ya kimsingi iliyo ya kuridhisha, wala haisemi kila wilaya iwe na fedha sawa.

Mwaka huohuo wilaya ya jirani, iliyobaki na jina la kale la Island Trees baada ya Levitt kuupa mji jina la ukoo wake, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Halmashauri ya shule ilikuwa imeondoa vitabu maktabani kwa kudai havifai, na wanafunzi wakiongozwa na Steven Pico wakaishtaki. Majaji waligawanyika vibaya, ila wanafunzi walipata nafuu, na kesi hiyo hutajwa kila vitabu vinapoondolewa shuleni nchini humo. Mimi niliyefanya kazi maktabani naona inaeleza tabia ya mahali pale kuliko paa na dari: mji usio na meya wala baraza hupeleka siasa zake zote kwenye halmashauri ya shule, kwa sababu hapo ndipo mkazi ana kura inayogusa kodi yake na mtoto wake kwa pamoja.

Mtembea Ramani anauliza tena:

Nawashukuru sana, mzee wangu, bibi yangu na Ndugu Wakili. Limebaki moja. Ikiwa kifungu kiliondolewa zamani, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ikapiga marufuku ubaguzi katika uuzaji wa nyumba, kwa nini hadi leo wakazi weusi wa Levittown ni wachache mno, ilhali Waasia na wenye asili ya Amerika ya Kilatini wameongezeka?

Wakili wa Zamani anajibu:

Sababu ya kwanza ni bei. Mwaka 1968 dirisha la nyumba rahisi bila malipo ya awali lilikuwa limekwisha kufungwa, na aliyekataliwa mwaka 1949 hakuwa na nyumba ya kuuza ili aongezee fedha za kununua nyingine. Familia nyingi za watu weusi zilikuwa zimenunua kwingine, katika miji midogo ya Roosevelt na Hempstead iliyo katika kaunti hiyohiyo kwa mfano, na watu hufuata ndugu zao, makanisa yao na shule wanazozijua.

Ya pili ni madalali. Mwaka 2019 Newsday, gazeti lilelile lililompigia debe Levitt, lilichapisha uchunguzi wake wa miaka mitatu kuhusu mawakala wa nyumba wa Long Island. Lilituma wateja wa majaribio wawili wawili, wenye kipato na maombi yanayolingana, wakitofautiana rangi au asili, kisha likalinganisha walivyohudumiwa na nyumba walizoonyeshwa. Weusi walitendewa tofauti na weupe katika asilimia 49 ya majaribio, wenye asili ya Amerika ya Kilatini katika asilimia 39, na Waasia katika asilimia 19. Tofauti ya tarakimu hizo inakwenda sambamba na mabadiliko uliyoyaona katika sensa. Wala wakala hahitaji kumkataa mtu. Anamwonyesha mteja mmoja orodha ya nyumba za mtaa huu, anamwonyesha mwingine za mtaa ule, na kila mmoja anaondoka akidhani amechagua mwenyewe.